Mwaka wa Ngoma ya Godeliva

Tulimzika Papa Benoît siku ya Jumamosi, saa nane mchana, na tuliporudi nyumbani kwake Katonga msemaji wa familia akaniita mbele. "Sasa nitamwomba Mwalimu Tausi, aliyekuwa mwimbaji wa marehemu, atuambie machache kuhusu muziki wake." Nikasimama chini ya turubai, watu wakanigeukia. Nilisema alikuwa fundi wa injini za boti ambaye hakuna injini iliyowahi kumshinda, na kwamba gitaa lake lilimfanya mtu aache alichokuwa akikifanya. Nilisema alinifundisha kusikiliza. Akina mama wakaitikia kwa kichwa, mmoja akafuta machozi. Nilirudi kwenye kiti changu nikijua nimesema kweli tupu na bado nimewadanganya wote, kwa sababu sikusema kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini marehemu hakuwahi kupiga gitaa nikiwa nasikia. Nikikaribia alipokuwa anapiga, aliliweka chini, akaniitikia salamu vizuri, akaniulizia hali ya nyumbani. Hakunichukia. Aliacha tu kunipigia, na sababu tuliijua watu wawili.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, nauza na kunakili kanda katika kibanda kimoja pale Rusimbi, Kigoma. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Barabara ya Kasulu ilijaa malori ya misaada, na kule Ujiji kila nyumba ilikuwa na mgeni aliyevuka ziwa au jamaa aliyempokea. Kazi yangu ilikuwa kukaa kati ya redio mbili kubwa, kubonyeza vitufe na kuandika majina ya nyimbo kwenye vikaratasi. Muziki wa kufokafoka ulikuwa umeanza kushika, na mimi niliujua wote: kila wimbo uliopigwa redioni niliweza kuufuatisha kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Nyuma ya daftari la dukani niliandika mistari yangu mwenyewe, nikaichana, kama vijana wanavyoita kufoka, kwa sauti ya chini wateja wakiondoka. Nilijiona mjuzi. Niliamini kwamba muziki huo unatengenezwa kwa mashine, mahali fulani mbali, na sisi wa Kigoma kazi yetu ni kuunakili.

Siku moja redio ya kunakilia iliharibika, tajiri wangu akaipeleka kwa Papa Benoît, Mkongo ambaye akimaliza injini za boti alitengeneza chochote chenye waya. Nilitumwa kuifuata. Nilimkuta ndani ya ghala la samaki wakavu nyuma ya mwalo wa Katonga, na kabla sijafika mlangoni nilisikia kitu kilichonisimamisha. Lilikuwa gitaa linarudiarudia sauti nne, taratibu, na chini yake ngoma inatembea kama mtu mwenye safari yake. Ghala lilikuwa na giza kidogo. Magunia ya dagaa yalipangwa hadi darini pande tatu, sakafu inateleza kwa mafuta ya samaki, magamba yameganda ukutani yanameta pale mwanga wa mlango ulipoyafikia. Papa Benoît alikaa juu ya injini mbovu, gitaa limeungwa kwenye spika ya redio ya zamani iliyokula umeme wa betri ya boti. Mbele yake, juu ya kreti ya soda, alikaa msichana wa rika langu mwenye kitambaa cha bluu kichwani. Alikuwa na pipa la plastiki alilolipiga kwa kisigino, kopo kubwa la maziwa lililowambwa ngozi, na mifuniko miwili ya sufuria iliyoning'inia kwenye kamba.

"Shikamoo, Papa," nikasema.

"Marahaba, mutoto yangu. Redio yenu iko tayari. Lakini ngoja kwanza tumalize hii."

Walimaliza baada ya muda mrefu, nami sikuchoka. Nikauliza kwa nini wanapigia ghalani. Papa Benoît akayapigapiga magunia kwa kiganja. "Hawa wanameza mwangwi," akasema. "Studio kubwa wanaweka godoro ukutani. Siye tuko na dagaa." Msichana akacheka huku amefunika mdomo kwa kijiti. Huyo ndiye alikuwa Godeliva.

Alitoka Burundi na shangazi yake, akaishi kambini miaka mitano, kisha masista wa mjini wakampa nafasi ya kujifunza cherehani. Mkimbizi hakuruhusiwa kukaa nje ya kambi bila kibali, na cha kwake kilitolewa kwa barua ya Sista Imakulata, msimamizi wa mafunzo. Asubuhi alishona, mchana alikuja Katonga. Kuhusu ngoma aliniambia mwenyewe, siku moja tunachambua dagaa kumsaidia mke wa Papa Benoît. Kwao ngoma ni ya wanaume. Babu yake alikuwa mpigaji, na yeye kama mtoto wa kike aliruhusiwa kubeba vijiti tu. "Nilikuwa nazipiga kichwani," akasema. "Usiku nimelala, nazipiga zote. Tulipofika kambini nikaanza kupiga kopo la mafuta kwenye kwaya. Watu walikuwa wamechoka, sha. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kunikataza."

Nilirudi kesho yake na kesho kutwa, na wiki ile nikawaomba niwachanie. Nikachana mistari yangu yote kwa pumzi moja, kama redioni. Papa Benoît akasimamisha gitaa.

"Unakimbia," akasema. "Nani anakufukuza?"

"Ndivyo wanavyofanya, Papa."

"Banafanya vile kwa sababu ngoma yao ni ya mashine. Ile haipumui. Ukianguka, inapita. Ukifa, inapita. Huyu hapa ni mutu. Mwangalie mabega."

Nikamwangalia Godeliva mabega. Miezi kadhaa ile sikufanya kingine. Nilijifunza kwamba kabla hajapiga kopo lile, bega lake la kushoto linapanda kidogo, na kwamba katikati ya pigo na pigo pana nafasi ndogo ya kuweka neno, na neno likiwekwa pale linasikika mara mbili. Siku moja maneno yalinipotea katikati ya ubeti. Kwa redio ningekuwa nimeachwa. Godeliva akashusha sauti ya ngoma, akazunguka palepale, mara moja, mara mbili, akinitazama bila haraka, Papa Benoît naye akashika sauti moja ya gitaa akaing'ang'ania, hadi nikakumbuka. Nilipoingia tena wakanipokea wote wawili kwa pamoja, na mwili wangu ukasisimka kuanzia miguuni. Niliporudi dukani jioni nikawasha nyimbo nilizozipenda, na kwa mara ya kwanza nikazisikia zilivyo nyembamba. Hazikuwa mbaya. Zilikuwa tu hazimsubiri mtu.

Mchana tulikula pamoja, ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa kwa mawese, na kama boti zimerudi vizuri, migebuka ya kukaanga. Mama Riziki, mkewe Papa Benoît, alimwekea Godeliva kipande kikubwa na kujifanya hakuona. Godeliva alikula polepole sana, akisema mtu aliyekula njegere za njano za msaada miaka mitano lazima aufundishe mdomo upya. Nyuma ya ukuta wanawake walikuwa wakianika dagaa, na tuliyasikia maneno yao yote. "Huyo Mrundi anapiga kama dume," mmoja alisema. Mwingine akasema, "Acha apige, wanasema wote watarudishwa kambini." Mama Riziki alitoka na mwiko mkononi. "Mimi pia nilivuka ziwa na kitenge kimoja," akawaambia. "Na mimi mnirudishe?" Godeliva hakuinua macho. Aliendelea kutafuna.

Wimbo wetu ulitoka kwenye maneno yake. Alisimulia jinsi kambini wanavyoita watu kwa namba za kadi, siku ya kuhesabiwa mnapanga mstari tangu asubuhi, na jinsi shangazi yake, mwanamke mwenye majina matatu mazuri, alivyozoea kuitikia namba. Kisha akasema, kama anajisemea, "Usinihesabu. Niite." Papa Benoît akachukua gitaa palepale. Sauti zile nne alizokuwa anazirudia siku ya kwanza zilikuwa kama zimengoja maneno hayo. Mimi nikaandika beti tatu. Kiitikio cha Godeliva, ngoma yake, gitaa la Papa, beti zangu. Hivyo ndivyo ulivyokuwa, na naandika hivi kwa sababu sikuwahi kuandika popote.

Tuliupiga hadharani mara moja tu, Jumapili alasiri, kwenye ukumbi mmoja wa Bangwe. Watu walikuja wakitegemea nyimbo za redioni. Walipoliona pipa na mifuniko ya sufuria wakaanza kuguna, kijana mmoja akapaza sauti, "Jamani, mnataka kupika?" Ukumbi ukacheka. Godeliva akasubiri kicheko kiishe, bega likapanda. Wimbo ulipofika kiitikio mara ya pili ukumbi mzima ulikuwa unaimba usinihesabu, niite, Waha, Wamanyema, Warundi, na mzee mmoja nisiyemjua alikuwa amevua kofia ameishika kifuani. Tulipomaliza walitaka tuurudie. Tukaurudia, na haukuwa sawa na wa kwanza, ulikuwa mzito zaidi, kwa sababu Godeliva aliusikia ukumbi akaubadilisha. Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile na sijasimama tena mahali kama pale.

Ukumbini alikuwepo mtangazaji aliyekuwa amehamia mjini na kompyuta yake, nitamwita Robi. Alinifuata peke yangu. Akaniambia nina sauti, akaniambia ana rafiki zake Dar es Salaam wanaoweza kuupiga wimbo nchi nzima. "Ila hayo mapipa na gitaa la mzee hapana," akasema. "Redio haipigi vitu hivyo. Njoo wewe, biti ya kompyuta ninayo." Nikamwambia nitawauliza wenzangu. Sikuwauliza. Kwa siku tatu nilikaa ghalani nao, tukala, tukacheka, nikiwa na jibu tayari.

Wiki hiyohiyo kambini kukatangazwa uhakiki. Kila mkimbizi alitakiwa awepo mwenyewe, na asiyekuwepo angefutwa kwenye kadi. Godeliva akaenda. Ili atoke tena alihitaji kibali kipya, na kibali kilihitaji barua mpya ya Sista Imakulata, ifike ofisi ya kambi ndani ya wiki mbili, la sivyo nafasi yake ya mafunzo apewe mwingine. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori la dagaa lililopita njia ya kambini kila Alhamisi. Kwa hiyo Sista akaniita, akanipa bahasha iliyofungwa kwa gundi. "Nakuamini, Tausi," akasema. "Mpe ofisa wa getini mkononi."

Alhamisi ile Robi aliniita studio saa nne asubuhi. Nilimwambia mjomba nitakwenda wiki ijayo. Studio ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba moja ya Mwanga, mapazia mekundu, feni inazimwa maiki ikiwashwa. Nilivaa vifaa vya masikioni, ngoma ya mashine ikaanza, safi, haina kosa, na mimi nikachana bila kumwangalia mtu. Robi alichukua sauti zile nne za Papa Benoît akazipiga kwa kinanda. Kiitikio nikakiimba mimi. "Mtunzi niandike nani?" akauliza. Nikasema, "Tausi."

Alhamisi ya pili wimbo ulikuwa umeanza kupigwa. Ulipigwa asubuhi, ukapigwa mchana, ukasikika kwenye saluni na kwenye kibanda chetu wenyewe, ambako watu walileta kanda tupu niwanakilie sauti yangu. Bahasha ilikuwa chini ya nguo zangu ndani ya sanduku. Hapa ndipo kwa miaka mingi nilijidanganya. Nilijiambia nilisahau, nilikuwa na shughuli nyingi, mjomba aliondoka mapema. Sikusahau. Nilikuwa naamka nikiiwaza na kulala nikiiwaza. Nilijua kwamba Godeliva akirudi mjini atausikia wimbo wake ukiimbwa na mimi juu ya ngoma isiyo yake, na nitalazimika kumtazama usoni. Nilitaka akae huko kidogo, mpaka wimbo upoe. Nilitumia neno hilo, kidogo. Niliona kama siku za mtu kambini hazina uzito wa siku zetu.

Nilikwenda Alhamisi ya nne. Getini ofisa akafungua daftari lake, akapitisha kidole, akanitazama. "Huyu na shangazi yake wamejiandikisha kurudi kwao. Msafara uliondoka Jumatatu." Nikamuuliza kwa nini wamejiandikisha, vita si bado vinaendelea? Akainua mabega. "Alikuwa anakuja hapa kila asubuhi kuulizia barua. Kila asubuhi, dada. Baadaye akaacha." Nyuma yake wanawake walikuwa wamepanga mstari wa maji, ndoo za njano moja baada ya nyingine, na kutoka kwenye duka la kambini redio ilikuwa inaimba, kwa sauti yangu, usinihesabu, niite. Kwa hiyo alikuwa ameusikia. Wiki zile alizosimama getini akisubiri, alikuwa anausikia.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja Katonga. Papa Benoît alikuwa ameinamia injini. Wimbo hakuwa ameutaja hata siku moja tangu uanze kupigwa, nami nilikuwa nimechagua kuamini kwamba hajausikia.

"Wamemkatalia kibali," nikasema. "Amerudi Burundi."

Akafuta mikono kwenye tambara, kidole kimoja kimoja. "Barua iko wapi?"

Sikujua kwa nini niliitoa. Pengine kwa sababu aliniuliza kwa upole. Akaipokea, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya gundi, ambayo ilikuwa kama Sista alivyoibandika.

"Banakatala barua bila kuifungua?"

Nilisikia maji yakipiga kwenye boti nje, na mtoto akimwita mama yake. Papa Benoît akanirudishia bahasha kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa kitu. "Nenda nyumbani, Tausi," akasema. Hakuniita mutoto yangu, wala hakuniita hivyo tena. Siku chache baadaye nilipita nikakuta mifuniko ya sufuria imerudi jikoni kwa Mama Riziki, na pipa limejaa maji.

Wimbo uliisha kama nyimbo za redio zinavyoisha, ghafla, umeletwa mwingine. Robi alihama. Mimi nikaenda chuo cha ualimu, nikarudi, nikafundisha, sijachana tena hadharani. Wanafunzi wangu wa leo wakisikiliza muziki wao kwenye simu, nawaambia kwamba huko nje kuna watu wanaopiga muziki huo kwa mikono, kwa gitaa na ngoma, na kwamba wautafute, kwa sababu redio haitawaletea. Wananiuliza nimejuaje. Nawaambia nilisikia zamani, mahali fulani.

Siku ya tatu ya matanga nilikuwa namsaidia Riziki, binti wa marehemu, kuosha masufuria. Akaniambia wamempigia Godeliva kumpa taarifa na amelia sana. Sufuria ikaniteleza. "Mnaye Godeliva?" Riziki akashangaa kuona sijui. Papa alikuwa akizungumza naye kila Krismasi tangu simu za mkononi zilipofika. Ana watoto wanne, analima karanga, mume amefariki. Akaniandikia namba. Basi Papa Benoît alikuwa akizungumza naye miaka yote hiyo, nami nikawa na hakika kwamba Godeliva anajua kila kitu. Hilo lilinipa moyo, nakiri. Nilidhani kazi ngumu imekwisha kufanywa na mwingine, kwamba nitakwenda tu kuomba msamaha kwa mtu aliyekwisha kasirika na kuchoka kukasirika.

Nilimpigia asubuhi ya Jumanne, nimekaa darasani peke yangu wanafunzi wakiwa mapumziko. Aliposikia jina langu akapiga kelele ya furaha. "Tausi! Yoo, Tausi!" Akaniulizia afya, watoto, kama bado nina sauti. Hilo lingetosha kuniambia kwamba hajui, lakini nilikuwa nimejiandaa kusema na nikasema.

"Godeliva, najua Papa alikuambia kuhusu ile barua."

"Barua gani?"

"Ya Sista. Ya kibali."

"Aliniambia mlijitahidi," akasema. "Aliniambia ofisi ilikataa."

Ningeweza kuishia hapo. Papa Benoît alikuwa ameniachia mlango wa kutokea, kwa ajili ya Godeliva au kwa ajili yangu sijui, na ameitunza siri hiyo kwa miaka yote. Nilimweleza. Nilimweleza Alhamisi moja baada ya nyingine, na sanduku, na kwa nini. Wimbo nilipoutaja akasema, "Wimbo nilikusamehe palepale getini, nilifurahi kusikia sauti yako," nami nikaendelea. Nilipomaliza nilisikia kuku upande wake, na mtu akitwanga.

"Shangazi hakumaliza mwaka," akasema mwishowe. Kiswahili chake kilikuwa kimepungua na alitafuta maneno. "Yeye hakutaka kurudi. Mimi ndiye niliyemwambia twende, kwa sababu nilidhani mjini hawanitaki. Miaka yote hii, tangu Papa aniambie, nilikuwa naichukia ile ofisi, Tausi. Yule mtu wa getini. Nilikuwa nampa laana nikisali."

"Nisamehe," nikasema.

"Oya," akasema, hapana ya kwao, bila ukali, kama anavyomkataza mtoto. "Usiniombe sasa. Nina sufuria motoni. Na usinipigie. Nikitaka, nitakupigia mimi."

Akakata. Kengele ikalia, wanafunzi wakaingia wakisukumana, wakanikuta nimesimama katikati ya darasa na simu mkononi, wakakaa wenyewe bila kuambiwa. Ni wiki ya saba sasa. Sijampigia.